Daudi aliogopa, na siku hiyohiyo akamtumaini Mungu

Wengi wanaokuja kwangu kwa ushauri wa kichungaji huanza kwa kuomba radhi. Mmoja kapunguzwa kazini, mwingine kahamishiwa mkoa ambako hamjui mtu, mwingine kafiwa na mume na ada za watoto zinamngoja. Lakini linalowatesa zaidi ni kwamba wanaogopa, na waliwahi kuambiwa kanisani kuwa mwenye imani haogopi. Mimi huwafungulia Zaburi ya 56.

Kichwa chake kinasema ni ya wakati Wafilisti walipomkamata Daudi huko Gathi. Basi rudi 1 Samweli 21. Juzi tu Daudi alikuwa mkwe wa mfalme, anakula mezani pa Sauli. Sasa anamtoroka Sauli huyohuyo aokoe roho yake. Anapita Nobu, kuhani Ahimeleki anampa mikate na upanga wa Goliathi, yule shujaa wa Wafilisti ambaye Daudi alimuua, kisha anakimbilia Gathi. Gathi, mji alikotoka Goliathi mwenyewe! Watumishi wa mfalme Akishi wakamtambua, wakakumbushana ule wimbo wa wanawake wa Israeli uliomsifu kwa kuua makumi elfu. Maandiko hayafichi: alimwogopa sana Akishi. Akajifanya mwendawazimu, akawa anakwaruza milango ya lango na kuacha mate yamtiririke ndevuni.

Huyo ndiye anayesema, "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe." Hakungoja hofu iishe kwanza. Kwa hiyo, mpendwa, mtu akikwambia kutetemeka kwako ni ushahidi kwamba humwamini Mungu, usikubali. Fundisho hilo limeumiza wengi, na nahuzunika kila ninapolisikia madhabahuni. Ni kweli, mstari unaofuata Daudi anasema hataogopa. Lakini muda si muda anarudi kulalamika juu ya adui wanaoziangalia hatua zake, anamwomba Mungu ayatie machozi yake katika chupa, halafu anasema tena hataogopa. Maombi ya mtu mwenye hofu huenda hivyo, yakipanda na kushuka.

Kinachonigusa kuliko vyote kiko 1 Samweli sura ya 22. Daudi yuko pango la Adulamu, watu kama 400 wamemkusanyikia, wenye dhiki, wenye madeni, wenye uchungu moyoni. Anawapeleka baba na mama yake Moabu, anamwomba mfalme wa huko awahifadhi mpaka atakapojua Mungu atamtendea nini. Nabii Samweli alikwisha kumpaka mafuta awe mfalme, na bado hajui kesho itakuwaje! Anachojua ni kwamba wazazi wake wanahitaji mahali salama pa kukaa, basi anawatafutia.

Kwa hiyo sikuambii ujilazimishe kuwa na amani. Omba kwa sauti, mtajie Mungu kile hasa unachokiogopa. Kisha jiulize nani anakutegemea leo, na anahitaji nini. Kama ni kwenda kuzungumza na mwalimu mkuu kuhusu ada, nenda. Kama ni kumpigia mzee wa kanisa aje muombe pamoja, mpigie. Na kama hofu imekunyima usingizi wiki baada ya wiki, nenda kamwone daktari, huku ukiendelea kuomba.