Wanafunzi wa China Marekani: Haikuanza na Nixon

Wengi huamini kwamba China na Marekani zilianza kubadilishana wanafunzi baada ya ziara ya Rais Nixon mjini Beijing mwaka 1972. Sivyo. Miaka 100 kabla yake, mwaka 1872, wavulana 30 wa Kichina walivuka Pasifiki kwenda kusoma New England, eneo la kaskazini-mashariki mwa Marekani. Ziara ya Nixon ilisaidia tu kufungua upya mlango uliokuwa umefungwa.

Aliyeupigania mpango ule ni Yung Wing, Mchina wa kwanza kuhitimu chuo kikuu cha Marekani (Yale, 1854). Kufikia 1875 walikuwa wamepelekwa wavulana 120, wengi wao wadogo mno. Walilelewa na familia za Kimarekani huko Connecticut na Massachusetts, wakala nao meza moja, wakacheza besiboli. Wakubwa wa Beijing wakaingiwa na hofu kwamba watoto wanapoteza Uchina wao. Marekani nayo ikawanyima nafasi katika vyuo vyake vya kijeshi. Mwaka 1881 wakaitwa nyumbani, wengi kabla ya kuhitimu, na mimi naona ile ilikuwa hasara kubwa kwa pande zote mbili.

Lakini mmoja wao, Zhan Tianyou, aliyewahi kuhitimu uhandisi Yale, ndiye aliyeongoza ujenzi wa reli ya Beijing hadi Zhangjiakou, iliyokamilika 1909. Mwenzake Liang Cheng alirudi Washington akiwa balozi, akaihimiza Marekani irejeshe sehemu ya fidia iliyoitoza China baada ya uasi wa Boxer, maasi ya Wachina dhidi ya wageni mwaka 1900. Fedha hizo zikasomesha vijana wengine Marekani, na zikaanzisha shule ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Tsinghua.