Mkono Haujarudi, Kwa Nini Aendelee na Dawa?

Dhana: "Miezi miwili tangu apate kiharusi mzee anameza vidonge, mkono bado umelegea. Dawa hazimsaidii."

Kauli hii huniuma kuliko zote, kwa sababu anayeitamka huwa amemlisha mzazi wake, amemgeuza kitandani usiku, amempandisha daladala kutoka Mbagala hadi Muhimbili. Halafu anamwachisha dawa.

Ukweli ni kwamba dawa za presha, aspirini na statini (za kushusha lehemu kwenye damu) hazikuandikwa ili kuamsha mkono. Zinazuia kiharusi cha pili. Mkono huurudisha mazoezi: kushika kikombe, kufunga kifungo cha shati, kuinuka kitini, mara nyingi kila siku, mpaka ubongo ujifunze upya. Maendeleo huwa ya kasi zaidi miezi 3 ya mwanzo, lakini hata baada ya hapo mgonjwa huweza kupiga hatua. Basi hela ya dripu za "kusafisha mishipa" ingetosha nauli ya kwenda kwa mtaalamu wa mazoezi tiba. Hata fluoksetini, dawa ya sonona iliyotarajiwa sana kuurudisha mwili, ilijaribiwa Uingereza kwa wagonjwa zaidi ya 3,000; matokeo ya 2018 yalionyesha haikuwaongezea uwezo wa kujimudu, na waliovunjika mifupa walikuwa wengi zaidi kwa wale walioimeza.

Dhana: "Presha imeshuka, amepona."

Imeshuka kwa sababu anameza.

Dhana: "Mdomo ukienda upande, mpe aspirini upesi."

Tafadhali, usimpe. Kuna kiharusi cha mshipa kuziba na cha mshipa kupasuka, na kwa macho hata daktari hawezi kuvitofautisha kwa uhakika. Ni mpaka CT skani, kipimo cha picha za ndani ya kichwa. Ikiwa mshipa umepasuka, aspirini huweza kuzidisha damu kuvuja. Tena koo nalo huenda limepooza, kidonge kikampalia. Angalia saa dalili zilipoanza, mkimbize hospitali. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4 na nusu, kwa anayefaa na palipo na huduma hiyo. Muda huo usiishie kwa mganga kutafuta jini.

Dhana: "Vidonge vinamvimbisha miguu, bora aache."

Kati ya dawa za presha, amlodipini huvimbisha miguu kweli, na enalapili huleta kikohozi kikavu. Mgonjwa hasingizii. Mrudishe kliniki na vidonge vyake mkononi, aeleze, abadilishiwe, nyingine zipo.