Kolkisini ya Jongo: Kuharisha Si Dalili Kwamba Dawa Inafanya Kazi

Tangu kampeni ya matumizi sahihi ya dawa ianze, simu nyingi zinazoingia kitengo chetu ni za wagonjwa wa jongo wanaotumia kolkisini, na kauli ni ile ile: "Niliambiwa nimeze kila saa mpaka niharishe." Tunajua ilikotoka, madaktari wenyewe waliwahi kuelekeza hivyo. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulilinganisha miligramu 4.8 zilizomezwa kwa saa sita na miligramu 1.8 zilizomezwa ndani ya saa moja. Nafuu haikutofautiana. Walioharisha walikuwa asilimia 77 kwa dozi kubwa na 23 kwa dozi ndogo.

Wapo wanaotujibu kwamba huko ndiko "sumu kutoka". Hapana, jamani. Sumu ndiyo imeingia.

Ili uone inavyoingia, tuanzie ndani ya seli. Virija vya kiunzi cha seli, yaani vijineli vyembamba vinavyoishikilia seli, hujengwa kwa protini ya tubulini, na hurefuka na kubomoka muda wote. Vingi huota kwenye kitovu kilicho jirani na kiini cha seli. Kitovu hicho hakina utando: ni protini zilizojikusanya, kama matone ya mafuta yanavyotafutana juu ya mchuzi. Mwaka 2017 watafiti wa Dresden, Ujerumani, walitengeneza matone ya aina hiyo kwa protini ya mnyoo mdogo iitwayo SPD-5. Kwa msaada wa protini nyingine chache, matone yalivuta tubulini na virija vikachomoza.

Basi tone huotesha virija, navyo ni kama reli, na reli nayo huleta mzigo kitovuni. Fuwele za asidi ya yuriki, zinazosababisha jongo, zikimezwa na seli ya kinga, protini ya NLRP3 husafirishwa juu ya virija hadi hapo, hujikusanya donge moja, na kengele ya uvimbe hulia. Kolkisini hung'ang'ania tubulini, virija havirefuki, mzigo haufiki. Hiyo ni sehemu ya nafuu unayoisikia kwenye kidole gumba cha mguu.

Tubulini ya utumbo, hata hivyo, haina tofauti na hiyo. Seli inayogawanyika huvuta kromosomu zake kwa virija hivyo hivyo, kwa hiyo utumbo, uboho na mizizi ya nywele huumia mapema. Aliyezidisha hutapika na kuharisha siku ya kwanza, hutulia, anadhani yamepita. Siku zinazofuata figo, moyo na uboho hushindwa. Mashine ya kusafisha damu haiitoi kolkisini mwilini, na dawa ya kuipindua hatuna. Mwenye ugonjwa wa figo au ini, au anayetumia klarithromaisini (dawa ya kuua bakteria), anaweza kufika huko hata kwa dozi ya kawaida.

Ua la porini linalotambaa, lenye petali nyekundu na njano zilizopinda juu, yaani Gloriosa superba, lina kolkisini hiyo hiyo. Kiazi chake si "mbadala wa asili". Hatutalijadili tena hili kwa simu.

Sasa utaratibu. Kolkisini ni dawa ya cheti. Duka la dawa muhimu lina orodha yake, na kuuza nje ya orodha ni kosa: mmiliki anaweza kufungiwa, kunyang'anywa kibali au kufikishwa mahakamani. Ukipata madhara, acha dawa na uende kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama tumbo limetulia. Mtoa huduma atajaza fomu ya njano ya TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba Tanzania): umri, jinsi, jina la dawa, namba ya bechi, tarehe ya kuanza na ya kuacha, dawa nyingine ulizotumia (za mitishamba pia, msifiche), na kilichotokea. Huhitaji kuthibitisha kwamba dawa ndiyo chanzo; kushuku kunatosha. Taarifa ni siri.

Namba ya bechi imechapwa kwenye pakiti, nasi huletewa vidonge vitatu vilivyofungwa kwenye kipande cha gazeti. Leteni pakiti, hata ikiwa tupu.