Hakuna Kipimo cha "Damu ya Wizi"

Tangu tuanze kuhamasisha familia kuasili watoto, swali moja halikauki mezani kwetu: mtoto hawezi kupimwa kwanza vinasaba tujue kama ana damu ya wizi? Juzi mama mmoja alisubiri wenzake watoke, akaliuliza kwa kunong'ona huku mumewe akikodolea macho kalenda ukutani. Wasiwasi huo tunauelewa. Kipimo hicho hakipo.

Wengine huja na hoja kwamba "Wazungu walishafanya utafiti". Ni kweli walifanya, basi tuusome wote. Mwaka 1984 Sarnoff Mednick na wenzake walichapisha katika jarida la Science uchambuzi wa watoto 14,427 walioasiliwa Denmark kati ya 1924 na 1947, wakilinganisha hukumu zao na za wazazi waliowazaa na waliowalea. Kwa wavulana ambao hakuna mzazi yeyote aliyewahi kutiwa hatiani, asilimia 13.5 walitiwa hatiani wenyewe. Pale mlezi peke yake alipokuwa na hatia, ni asilimia 14.7, mzazi wa kumzaa peke yake, asilimia 20, pande zote mbili, asilimia 24.5.

Kwa hiyo nasaba ina sehemu yake. Lakini hao asilimia 20 maana yake wanane kati ya kila kumi hawakutiwa hatiani, na uhusiano wenyewe ulionekana kwenye makosa ya mali, si ya ukatili. Tena familia zinazopewa watoto huchujwa, kama tunavyochuja sisi, hivyo nyumba mbaya kabisa hazimo kwenye hesabu.

Tafiti za mapacha nazo hupotoshwa. Wanaofanana kabisa wana vinasaba vilevile, wasiofanana wanachangia takriban nusu, na mtafiti hupima ni kundi lipi linakaribiana zaidi kwa tabia fulani. Akisema tabia hiyo "hurithiwa kwa asilimia 50", anazungumzia tofauti kati ya watu wengi. Hajamkata mwanao vipande viwili. Hili tumelieleza mpaka redioni.

Kuhusu utaratibu: hapa Tanzania, chini ya sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009, mtu haendi maabara na sampuli mkononi. Ombi hupitia mamlaka inayotambuliwa, kama mahakama, wakili au ofisi ya ustawi wa jamii, kwa barua, na wahusika huchukuliwa sampuli baada ya kutambuliwa. Kumkata mtoto nywele akiwa amelala, ukazifunga kwenye karatasi, hakukubaliki. Na hata ukifuata njia zote, jibu utakalopata ni la nani kamzaa nani, si la tabia.

Ukija kwetu, omba kadi ya kliniki. Uliza kama mtoto amepimwa sikoseli, kwa sababu hiyo inarithiwa kweli, kipimo chake kipo, na mtoto akianza dawa mapema anasaidika.