Je, wajua kwa nini Gendarmerie ya Ufaransa iliiacha Windows mwisho kabisa?

Ofisi nyingi za serikali zikiamua kuhamia programu huria hukimbilia kuing'oa Windows na kuweka Linux, mfumo endeshi huria. Gendarmerie, jeshi linalofanya kazi ya polisi Ufaransa, lilianzia upande wa pili. Mwaka 2005 liliondoa Microsoft Office na kuweka OpenOffice, programu huria za ofisi, juu ya Windows ileile. Mwaka uliofuata zikaingia Firefox ya kuvinjari mtandao na Thunderbird ya barua pepe. Ubuntu, ambayo ni aina ya Linux, ilisubiri hadi 2008, na leo iko kwenye kompyuta zao zaidi ya 100,000.

Sababu yake ni kwamba mtumishi anashinda kwenye barua, majedwali na kivinjari. Mtumishi huyo hauoni mfumo endeshi ulio chini yake. Akishazizoea programu hizo, siku Linux inapowekwa anazikuta palepale. Tena kufikia 2008 Vista, toleo jipya la Windows, ilikuwa imetoka, na kuhamia huko nako kulitaka mafunzo.

Kinachowakwamisha wengi ni nyaraka. Chukua barua ya ukurasa mmoja iliyoandikwa kwa fonti ya Calibri. Ukiifungua ndani ya Linux kwenye LibreOffice, programu iliyotokana na OpenOffice, sahihi ya mkurugenzi inaweza kuangukia ukurasa wa pili. Calibri haimo humo, kwa hiyo huenda ikawekwa fonti nyingine yenye herufi pana zaidi. Dawa ni kuhakikisha imo fonti ya Carlito, ambayo upana wa kila herufi yake ni sawa na wa Calibri. Caladea hushika nafasi ya Cambria, na Liberation Sans ya Arial. Ni kazi ya dakika chache, lakini ifanyike kabla mtumishi wa kwanza hajaketi, maana barua ikishavurugika mbele ya bosi, lawama zote huenda kwa programu.

Makro, yaani amri zinazofanya kazi zenyewe ndani ya faili, ndizo ngumu hasa. Jedwali la bajeti lenye makro za VBA, lugha ya makro ya Microsoft, zinazoita programu zake za Outlook au Access halitafanya kazi likihamishwa hivihivi. Zihesabuni idara kwa idara, mjue nani anaitumia ipi na mara ngapi. Zilizolala zifutwe, zinazotumika ziandikwe upya, na kompyuta chache zibaki na Windows hadi kazi hiyo iishe. Jiji la Munich, Ujerumani, lililohamisha kompyuta karibu 15,000 kufikia 2013, lililazimika kutengeneza programu yake lenyewe, WollMux, kwa ajili ya violezo vya barua na fomu. Fedha ya kazi hiyo itengwe mwanzoni, kabla hamjaanza kuhesabu mlichookoa kwenye leseni.