Milango ya Fahamu: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Binadamu ana milango mitano tu ya fahamu.

Ukweli: Hesabu hiyo, iliyotufikia kutoka kwa Aristotle, inaacha nje hisia ambazo bila hizo mtu hawezi hata kusimama wima. Ndani ya sikio mna mirija mitatu ya umbo la nusu duara, iliyojaa majimaji, ambayo huuarifu ubongo kila kichwa kinapogeuka. Na ndani ya misuli na kano mna vipokezi vinavyopima mvutano, ndivyo vinavyomwezesha mtu aliyefumba macho kugusa ncha ya pua yake bila kupapasa. Hisia hii ya mwisho ni kimya mno, na wengi hatuijui mpaka tusikie habari za aliyeipoteza. Mwaka 1971, Mwingereza Ian Waterman, akiwa na umri wa miaka 19, alipatwa na ugonjwa ulioharibu neva zake za mguso na za kuhisi mkao wa viungo, kuanzia shingoni kwenda chini. Misuli haikupooza, na joto na maumivu aliendelea kuyahisi, lakini hakujua mkono wake ulipo asipoutazama. Alijifunza upya kuketi na kutembea kwa kuvisimamia viungo vyake kwa macho, hatua kwa hatua, kiasi kwamba taa zikizimika ghafla huanguka. Kisa hiki, kwa maoni yangu, kinatosha kuivunja hesabu ya mitano.

Dhana: Ngozi hutuambia vitu vina joto kiasi gani.

Ukweli: Chuma na ubao vilivyolala usiku kucha katika chumba kimoja vina joto sawa, ila chuma huonekana baridi zaidi kwa kuwa hunyonya joto la kiganja upesi. Ngozi, basi, inaripoti hali yake yenyewe. Hata pilipili haiunguzi kwa moto wowote: kapsaisini iliyomo hufungua kipokezi kilekile kinachofunguliwa na joto linalozidi takriban nyuzi 43 za Selsiasi, ugunduzi uliochangia David Julius kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian, aliyechunguza vipokezi vya mguso.

Dhana: Maumivu ni kipimo cha jeraha.

Ukweli: Waliokatwa mguu mara nyingi huendelea kuumwa na vidole ambavyo havipo tena. Maumivu ni ya kweli, si ya kujifanya, kwani hutungwa na mfumo wa neva wenyewe, ambao hupima hatari kwa taarifa nyingi kwa pamoja.

Dhana: Macho hupiga picha ya kila kilicho mbele yake.

Ukweli: Simama mbele ya kioo, utazame jicho la kushoto, kisha la kulia, kisha urudie. Hutayaona macho yako yakisogea hata mara moja, kwa sababu ubongo hufifisha uoni kila jicho linaporuka. Aliyesimama kando yako atayaona bila shida.