Kwa nini mhusika mwenye wasifu mrefu bado hana uhai?

Je, ni nini kinachomfanya mtu wa kubuni aonekane ana damu mwilini? Kwa miaka kadhaa nilikuwa na jibu moja, na nilimpa kila aliyeniuliza: mjue mhusika wako mpaka unyayo. Urefu wake, rangi anayoipenda, jina la bibi yake. Ukishajua mengi, wasomaji watamwamini. Nilikosea, na nililitambua kosa hilo siku mhusika wangu mwenyewe alipoulizwa swali dogo akakwama.

Sisi ni watu saba hapa Lubumbashi. Jioni tunaandikiana hadithi kwa WhatsApp, kila mmoja akiwa na mhusika wake na kusema kwa kinywa chake. Mimi nilileta fundi wa kuchomelea vyuma kutoka Katuba. Nilikuwa nimemwandalia kurasa tisa za daftari: kovu kwenye kiwiko, kiatu namba 43, bukari (ugali wetu) na finkubala (viwavi vya kuliwa) kila Jumapili, babu aliyefanya kazi Union Minière, kampuni ya madini ya zamani. Fundi akaingia kwenye hadithi, yaani kwenye baa ya mhusika wa mwenzangu. Mwenye baa akamwambia: "Karibu, Papa. Unatafuta nini huku?"

Nikafungua daftari. Katika kurasa zote tisa, jibu la swali hilo halikuwamo.

Fomu za wahusika, zile za kujaza wasifu wa mtu wa kubuni, zina ndugu mmoja mkubwa anayejulikana. Mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Marekani mchezo wa Dungeons & Dragons, ambamo watu huketi mezani na kutunga kisa pamoja, kila mtu na mhusika wake. Mchezaji alikuwa na karatasi ya mhusika yenye uwezo wa aina sita, kama vile nguvu, akili na busara, na kila uwezo ulipata namba kati ya 3 na 18 kwa kurusha dadu tatu. Namba hizo zilikuwa na kazi yake: katika michezo ya aina hii, mhusika akitaka kufanya jambo gumu, namba na dadu husaidia kuamua kama ataweza. Lakini kwa nini anataka kulifanya jambo hilo? Hilo halikuwa na namba. Mchezaji alilileta mwenyewe kutoka kichwani. Fomu nyingi zinazozunguka leo kwenye simu zinafanana na karatasi ile, ila dadu hazimo tena, na mahali pake pamejazwa chakula anachokipenda na nyota yake ya kuzaliwa. Ukimaliza kuijaza unahisi umemzaa mtu.

Kosa hili linashika watu kwa sababu linafanana sana na ukweli. Watu wa karibu nasi tunawajua kwa mambo madogo mengi: namna mama anavyokohoa kabla ya kukataa jambo, namna kaka anavyoficha sukari. Basi tunadhani mambo hayo ndiyo yaliyowafanya wawe watu machoni petu. Kumbe walikuwa watu kwetu kwanza, na mambo madogo yakawashika baadaye, kama vumbi jekundu la kiangazi linavyoshika suruali ya mpita njia. Chukua kadi ya mpiga kura, ambayo huku kwetu ndiyo kitambulisho cha kila siku. Ina jina, tarehe ya kuzaliwa, majina ya wazazi, asili, makazi, hata picha. Msomee rafiki yako kadi ya mtu asiyemjua, kisha umuulize kama mtu huyo angemrudishia hela aliyoiangusha. Hatakuwa na pa kuanzia.

Sasa geuza jambo. Mtu asiye na wasifu wowote, asiye hata na uso, anaweza kuaminika? Jibu la swali hili ndilo lililonikosesha usingizi kwa furaha.

Mwaka 1944, Fritz Heider na Marianne Simmel, wanasaikolojia wa chuo cha Smith huko Massachusetts, walichapisha matokeo ya jaribio lao. Walikuwa wametengeneza filamu fupi sana, isiyo na sauti, yenye pembetatu kubwa, pembetatu ndogo, mduara mdogo, na mstatili wenye sehemu inayofunguka na kufungwa kama mlango. Maumbo hayo yanasogea tu: yanaingia, yanatoka, yanagusana. Kundi la kwanza la watazamaji 34 liliombwa kuandika kilichotokea. Mmoja tu ndiye aliyeandika kwa lugha ya jiometri. Wengine waliona ugomvi, woga, kujificha, kufukuzana, hata mapenzi. Pembetatu kubwa ikapata sifa ya mtu mkorofi.

Kiswahili kinaonyesha jambo hili waziwazi. Anza kumsimulia mtu filamu hiyo: "Pembetatu kubwa inasogea, inafungua mlango, inaingia." Endelea kidogo, na ulimi wako wenyewe utateleza: "Anamsukuma mdogo, yule mdogo anakimbia, anamfungia nje." Hakuna aliyekuruhusu kutoka "i" kwenda "a". Umbo lilianza kutaka kitu, nawe ukalipa ngeli ya watu.

Wazia umesimama barabara ya Kasenga, na mbali kabisa kuna mtu anatembea haraka. Humwoni uso, hujui umri, hujui kama ni tajiri au maskini. Ghafla anasimama. Anapapasa mfuko wa kushoto, kisha wa kulia. Anageuka nyuma, anapiga hatua tatu, anasimama tena, anatazama mbele alikokuwa akienda. Tayari unamjua. Amesahau kitu, kitu hicho kina thamani, na mbele kuna jambo lisilosubiri. Huenda hata umeanza kumwonea huruma. Yote hayo umeyapata kwa mwendo unaoelekea mahali fulani na kizuizi kilichoukata. Akili ya mtazamaji hufanya kazi yenyewe ikipewa vitu hivyo viwili: nia na kikwazo. Kazi ya mtunzi ni kuipa akili hiyo kazi, asiifanye badala yake.

Mpaka hapa naegemea jaribio la maumbo kwenye kioo, na haki yake ni kulipima kwa kadiri yake. Watazamaji walikuwa wanafunzi wa chuo kimoja cha Marekani, na utafiti uliofuata umeonyesha kwamba si watu wote wanaoyasimulia maumbo hayo kwa namna moja; watu wenye usonji, kwa mfano, mara nyingi huyaeleza kwa namna tofauti. Tena filamu ya dakika chache si riwaya. Kutoka pembetatu hadi mhusika wa hadithi ni hatua ninayoipiga mimi, kwa kuwa nimeiona ikifanya kazi kwenye meza yetu.

Tuingie soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi. Kuna mama anayeuza unga wa mahindi kwa meka, yaani chombo cha kupimia. Wasifu wake: miaka 46, mjane, watoto watano, mkali lakini mwenye roho nzuri. Umemwona? Mimi bado. "Mkali lakini mwenye roho nzuri" ni maneno ambayo kila mtu anaweza kuyabeba.

Mtazame sasa mkono wake. Akipima, unga unapanda juu ya meka kama kilima, na hapo ndipo pana vita. Akisawazisha kwa kiganja, unga uliodondoka unarudi kwenye gunia lake. Gunia likibaki na meka moja zaidi jioni, minerval, yaani karo ya shule, ya mtoto wa mwisho inakaribia kutimia. Akiacha kilima, mteja atarudi kesho. Anakuja mama mmoja aliyekuwa jirani yake zamani, leo kandambili zake zimefungwa kwa waya.

"Mama, uniongezeeko kidogo, niko na batoto."

Anaupitisha mkono. Anasawazisha unga, wote, mpaka ukingo. Kisha, mteja akiwa anafunga mfuko, anachota kwa ncha za vidole kiasi cha kujaza kikombe, anakitia humo bila kumtazama, na kumwambia asogee, anawazuilia wengine njia.

Safari hii umri wake sikuutaja, wala ujane. Lakini sasa ukinambia ana miaka 46, namba hiyo ina mahali pa kukaa. Nia mbili zilivuta mkono mmoja, na mkono ukatoa jibu ambalo ni lake peke yake. Mwuzaji mwingine angeacha kilima tangu mwanzo na kutabasamu, na mwingine angesawazisha na kuishia hapo.

Mji wetu una ushahidi wake wa kazi ya namna hii. Kundi la Mufwankolo, maarufu kwa michezo yake ya Kiswahili cha Lubumbashi, lilikuwa likitunga bila maandishi ya mazungumzo. Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliwauliza waigizaji hao maana ya msemo wa Kifaransa, *le pouvoir se mange entier*, yaani mamlaka huliwa mazima. Wakaamua kuujibu kwa mchezo. Walijadiliana kisa, wakagawana nafasi, kisha maneno yakazaliwa katika mazoezi yenyewe. Mwigizaji asiye na maneno ya kukariri hawezi kusema lolote mpaka ajue mtu wake anataka nini kwa huyu aliyesimama mbele yake. Ukikaa chini kuandikiana hadithi na wenzako kwenye simu, uko katika hali ileile: mwenzako anaweza kukuuliza chochote, na daftari halikufikii kwa wakati.

Kuna ajabu moja zaidi. Marjorie Taylor na wenzake walichapisha mwaka 2003 utafiti juu ya watunzi 50 wa hadithi za kubuni, na asilimia 92 walieleza kwa kiwango fulani hali ya mhusika kuonekana kuwa na akili yake, kana kwamba anasema na kuamua bila kuamriwa. Ni maelezo ya watunzi juu yao wenyewe, na idadi ni ndogo, kwa hiyo hayathibitishi kwamba hali hiyo huleta hadithi nzuri. Hata hivyo naitambua. Fundi wangu wa Katuba alinyamaza wiki mbili, nami nikaliacha daftari. Nilitafuta jambo moja tu: anataka nini, na nani amekikalia kitu hicho.

Niliporudi kwenye baa ile, swali lilikuwa bado linasubiri.

"Namtafuta shemeji," fundi akajibu. "Mashine yangu ya kuchomelea iko kwake tangu Pasaka."

"Shemeji yako yuko nyuma ya nyumba," akaandika mwenye baa. "Anachomelea kitanda cha mtoto wake. Nimwite?"

Nilitaka kuandika ndiyo. Fundi akaomba kiti, akasema atasubiri mpaka kitanda kiishe.